Nusu Tangi

Wakata miti wa milima ya Rodopi hawahesabu saa, wanahesabu tangi. Muulize mmoja wao msonobari ule mkubwa utamchukua muda gani, atakwambia robo tangi. Muulize mtakula lini, atakwambia baada ya tangi la pili, na kama ameamka na kisirani atakwambia kamuulize mama yako. Petroli ikiisha kwenye chenso, ule msumeno wa injini, mlima unanyamaza, na kila aliye bondeni anajua kwamba jamaa amekaa juu ya kisiki, ananoa mnyororo, anakunywa chai, anapumua. Ndiyo saa yao hiyo, na haijawahi kuwachelewesha popote.

Sasa mwaka mmoja, mkataji aitwaye Rufat akanunua chenso mpya yenye tangi kubwa, karibu mara mbili ya lile la zamani. Akaizungusha kijiji kizima kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Tangi moja la huyu ni mawili ya yule kikongwe," alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza, na aliyekataa kusimama alifuatwa. Balaa lote lilianzia hapo.

Shemeji yake, Yumer, alikuwa mwenye nyumbu. Simsemi nyumbu wa mbugani anayekimbizwa na simba. Huyu ni mtoto wa punda na farasi, na hakimbii hata umchape. Aliitwa Rusa. Yumer na Rusa waliburuta magogo kwenye miteremko ambayo trekta likipanda linarudi kwa mgongo, na kila asubuhi walimpandishia Rufat dumu la matumbo mawili: tumbo kubwa petroli ya kuchanganya, tumbo dogo oili ya mnyororo. Yumer alikuwa na kazi nyingine ndogo, nayo ni kumimina. Kwao anayenoa hamimini. Mkataji akikaa na tupa yake kunoa meno ya mnyororo, mwenzake ndiye anayejaza matangi. Wanasema mkono wenye petroli haushiki tupa vizuri. Mimi naona baba zao walifanya hivyo na hakuna aliyepata sababu ya kuacha.

Siku moja dada yake Yumer, Naile, ambaye ndiye mke wa Rufat, alimwita jikoni. Alikuwa anakwaruza viazi vya patatnik, ile pai yao ya viazi, anavikwaruza kwa hasira kama vimemtukana.

"Funga mlango," alisema.

"Kafa nani?"

"Bado. Kaa chini."

Yumer akakaa. Naile akafuta mikono kwenye aproni na kumwambia bila kuzunguka. Vidole vya Rufat vilikuwa vinakufa. Akitoka msituni vinakuwa vyeupe kama mshumaa, havisikii moto wala sindano.

"Jana nimemfunga vifungo vya shati. Mimi, Yumer. Kama mtoto wa chekechea. Halafu akaniapisha kwa mama yetu kaburini nisimwambie mtu."

"Na mimi unaniambia."

"Wewe si mtu, wewe ni mdogo wangu."

Walikuwa wamekwenda kwa daktari mjini Smolyan, wote wawili. Daktari alisema ni mitetemo ya chenso, na baridi inaikoleza. Akate kwa muda mfupi, apumzike, apashe mikono moto, kisha ndipo aendelee. La sivyo aiache mashine kabisa. Rufat alitoka pale, akawasha gari na kumwambia mkewe kwamba daktari amesema ni baridi tu.

"Nilikuwa mle ndani," alisema Naile. "Nimekaa pale pale, nimesikia kwa masikio yangu. Na bado ananiambia ni baridi tu."

"Ila zamani hakuwa hivi."

"Zamani ile chenso kikongwe ilikuwa inaisha upesi. Anakaa, ananoa, anashika kikombe cha moto. Alikuwa anapumzika bila kujua anapumzika. Hii mpya anaishiwa yeye kabla ya petroli."

"Basi mwambie apumzike."

"Wewe umewahi kumwambia Rufat apumzike?"

Yumer alikumbuka kwamba aliwahi, na hakutaka kulikumbuka zaidi jambo hilo.

"Bozhko akijua atamnyang'anya kibali cha kukata," alisema Naile. Bozhko ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikosi chao. "Na mimi sitaki aondolewe msituni. Akikaa nyumbani atanimaliza mimi. Nataka tu awe na vidole uzeeni. Na zaidi ya hapo, naogopa siku ataishika chenso asijue kama ameishika." Akarudia viazi vyake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Yumer alirudi kwake amechanganyikiwa. Kumwambia Rufat ilikuwa kumchoma dada yake, na kunyamaza ilikuwa kumtazama shemeji yake akivipoteza vidole kimoja kimoja. Alimpenda Rufat, tuseme wazi. Walikuwa wamekata na kuburuta pamoja tangu wana nywele.

Kesho yake Rufat akakaa juu ya kisiki na tupa yake, chenso ikawa mikononi mwa Yumer. Akafungua kifuniko cha petroli, akainua dumu, akamimina. Tangi lilipofika nusu, mkono wake ukasita. Akatazama mgongo wa Rufat. Kisha akafunga kifuniko taratibu, akajaza oili mpaka juu kama siku zote, akamrudishia mashine yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kuanzia siku ile chenso kubwa ikawa inaisha upesi kama ile kikongwe, na Rufat akawa anakaa mara mbili zaidi. Anakaa, ananung'unika, ananoa, anashika kikombe.

"Hii mashine inakunywa kama mpiga zumari harusini," alisema.

"Tumbo kubwa, shemeji. Ulimsifia tumbo mwenyewe."

"Nilisifia kazi, sikusifia ulafi."

"Mwenda pole hajikwai."

"Mwenda pole analala msituni na mbwamwitu. Lete chai."

Ikaendelea hivyo mpaka majani ya miti yakapukutika. Siku moja wakati wa chakula Yumer alimwona Rufat akimenya yai. Alilimenya lote, hata ile ngozi nyembamba ya ndani, bila kulidondosha na bila kugeuka kando ili asionekane. Yumer alifurahi hata akampa Rusa tofaa lake, na Rusa, ambaye hakuzoea ukarimu wa namna hiyo, alilinusa kwanza.

Lakini watu wana midomo. Wakataji wengine wa Bozhko walianza kumchokoza. "Rufat, umenunua chenso au ng'ombe?" "Rufat, mwonee huruma, mnyweshe." Mtu aliyeizungusha mashine yake kijiji kizima hawezi kulibeba hilo muda mrefu. Asubuhi moja petroli ilipoisha kabla hata mti wa pili haujalala vizuri, Rufat aliitupa tupa chini.

"Basi. Usijaze," alisema. "Inakwenda hivi hivi ilivyo kwa Zdravka. Mfunge Rusa, tuondoke."

"Sasa hivi? Tumalize siku kwanza, shemeji, halafu—"

"Sasa hivi. Na wewe unakuja, ukawe shahidi wa huyu mlevi."

Yumer akamfunga Rusa kwenye mti, na fundo la kwanza likamfungukia mkononi.

Zdravka alikuwa fundi wa mashine kule Dospat. Karakana ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki watu walidhani itafungwa, naye akavaa ovaroli la marehemu na kufungua mlango asubuhi iliyofuata. Aliweka chenso mezani, akashusha miwani, akafungua tangi la petroli. Kavu. Akafungua tangi la oili, akatia kidole, akakitazama.

"Oili umeongeza njiani?"

"Sijaigusa," alisema Rufat. "Imetoka msituni kama unavyoiona."

"Basi ngoja nikuulize. Petroli ikiisha, oili inatakiwa iwe imebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Chini kabisa. Hilo hata Rusa analijua."

"Ndivyo. Waliotengeneza waliyapima matangi haya yawe ndugu. Petroli itangulie kuisha, na oili ifuate nyuma yake, ili mnyororo usizunguke mkavu hata mara moja." Akaiinamisha mashine waone. Oili ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, inang'aa. "Mashine ikinywa petroli sana, inakojoa oili sana. Hii haijakojoa. Mlevi gani huyo?"

Zdravka akapandisha miwani.

"Nani anayekumiminia?"

"Shemeji."

Zdravka akamtazama Yumer. Yumer akawa anasoma maandishi ya kopo la grisi ukutani kama mtu mwenye mtihani kesho. Hapo ndipo alipoliona kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu mwaminifu: petroli aliipunja, lakini oili hakuweza. Baba yake alimfundisha kwamba mnyororo mkavu ni dhambi, na mkono wake ulikuwa ukijaza oili mpaka juu hata pale akili ilipokuwa ikidanganya.

"Mzee Rufat," alisema Zdravka, "mashine yako si mlevi. Imefungishwa saumu. Na Ramadhani ninavyojua mimi ilishapita."

Rufat alimshukuru, akaichukua chenso, akatoka. Aliendesha mpaka penye bwawa. Akasimamisha gari kando, mikono bado ipo kwenye usukani.

"Ile pikipiki yako kuukuu inakunywa nini?"

"Petroli ya kuchanganya."

"Kama chenso."

"Kama chenso."

Rufat akatikisa kichwa muda mrefu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kwa sauti ya chini sana. "Ungeniomba tu, Yumer. Ningekupa dumu zima. Ningekubebea mpaka mlangoni kwako. Wewe ni shemeji yangu, ungeniomba tu."

Yumer alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, vidole, na lingemsafisha pale pale. Lakini nyuma ya neno hilo alimwona Naile na viazi vyake na kiapo cha kaburi la mama. Akaumeza uchungu wake, na ulikuwa mkubwa, haukushuka vizuri.

"Shetani tu, Rufat."

"Kesho nitajaza mwenyewe. Wewe buruta magogo yako. Na usinisemeshe."

Kwa Naile, Rufat hakutamka chochote, maana ni mume gani atakayeingia ndani amwambie mkewe kwamba mdogo wake ni mwizi. Naye Yumer akasusa kwenda kula patatnik, akasema tumbo linamsumbua. Kazini walipishana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Rufat aliapa hamsemeshi, na alikuwa mtu wa kushika kiapo, hasa cha kijinga. Yumer hakuwa ameapa chochote, ila naye ana roho, basi akawa anasema na nyumbu.

"Rusa," alisema kwa sauti ya kufika mbali, "kuna bwana mmoja ameliangusha gogo kichwa chini. Sijui anadhani wewe una mabawa." Au: "Rusa, baridi ya leo mtu mwenye akili angepumzika kidogo. Lakini wewe na mimi tutazipata wapi akili."

Rufat alijaza tangi lake mpaka shingoni, akavuta kamba, akakata.

Baridi ikaja kwa kishindo. Theluji ya kwanza ikalala na haikuyeyuka. Chini ya mteremko Yumer aliisikiliza ile chenso ikiunguruma, ikiunguruma tu, tangi zima bila kupumua, na kila ilipozidi aliona kama inaunguruma ndani ya mifupa yake mwenyewe. Alijua jinsi mashine ile ilivyotetemeka. Alikuwa ameishika.

Asubuhi moja yenye ukungu ikanyamaza. Yumer akasema moyoni, sawa, petroli imeisha, sasa ananoa. Akafunga gogo kwenye mnyororo wa Rusa. Akasubiri mlio urudi. Haukurudi. Akamfungua Rusa lile gogo, akamgeuza, wakapanda.

Rufat alikuwa amekaa juu ya kisiki, mzima, na Yumer akashusha pumzi. Kisha akaona. Chenso ilikuwa imelala mapajani mwa Rufat, dumu limejaa pembeni yake, tupa imeanguka kwenye theluji na haikuokotwa. Rufat alikuwa ameinamisha kichwa, anajaribu kufungua kifuniko cha tangi kwa meno. Vidole vyake vyote vilikuwa vyeupe, vimenyooka, havina kazi. Aliposikia kwato aliinua uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutwa hana nguo.

Yumer hakumsemesha. "Rusa, sogea," alisema. Nyumbu akasogea, anafuka mvuke kwa jinsi alivyopanda kwa haraka. Yumer akaiondoa chenso mapajani mwa shemeji yake, akamshika vifundo vya mikono, akamsimamisha, akainua blanketi la mgongoni mwa Rusa na kuivusha mikono ile chini yake, kwenye ubavu wenye joto. Kisha akaifunika.

Wakasimama hivyo. Rusa alitikisa sikio moja, akaona ni mambo ya binadamu, akatulia. Baada ya muda damu ikaanza kurudi vidoleni, na damu ya namna hiyo inarudi na visu. Rufat akauma meno, akaweka paji la uso kwenye shingo ya nyumbu, akatukana kila kitu kuanzia chenso mpaka aliyeigundua petroli.

"Naile alikuambia," alisema mwishowe.

"Rusa," alisema Yumer, "wewe na mimi tuliambiwa kitu?"

Rufat alikuwa anafikiri, na alipokuwa anafikiri nyusi zake zilitembea.

"Ule wakati wa saumu," alisema, "nilikuwa namenya mayai. Nilikuwa nafunga vifungo vyangu mwenyewe. Nikasema ni ile dawa ya Naile ya kupaka, ile inayonuka kama mbuzi." Akaisogeza mikono chini ya blanketi. "Na dumu lilikuwa linarudi. Kila jioni nilikuwa nalipakia garini mimi mwenyewe, zito, petroli inacheza ndani. Nililiinua kwa mikono yangu na sikujiuliza. Mwizi gani anayerudisha mali?"

"Mwizi mjinga," alisema Yumer.

"Ukaniacha nikuone mwizi."

"Ulikuwa umeapisha watu. Mtu anaogopa kukanyaga kiapo cha mwenzie."

Rufat akageuza uso upande wa pili. Mabega yake yalitikisika, na Yumer hakujua ni kicheko au ni kilio mpaka aliposikia vyote viwili. Angependa kumkumbatia, ila mikono ya Rufat ilikuwa chini ya blanketi, na huwezi kumkumbatia mtu aliyekumbatia nyumbu.

"Bozhko nitamwambia mwenyewe," alisema Rufat. "Leo, nikishuka. Kibali akikitaka achukue. Akiniachia, nitakata kama alivyosema yule daktari, kidogo kidogo, na wasemao waseme ng'ombe." Akavuta kamasi. "Mkewe Bozhko naye ni dada wa mtu, kwa hiyo naye ana shemeji. Huenda ataelewa."

Yumer akaokota tupa, akaifuta kwenye suruali.

"Leo sikati tena," alisema Rufat. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa ameapa kutomsemesha shemeji yake, na kwamba alikuwa amemsemesha tangu muda mrefu, na roho yake ya kiapo ikamsuta. Akainama kwenye sikio refu la nyumbu. "Rusa. Mwambie mwenzako aijaze hiyo mashine, ilale tayari kwa kesho."

Yumer akapiga goti kwenye theluji. Akafungua tangi la oili, akalijaza mpaka juu. Akafungua la petroli, akainua dumu, akamimina taratibu mpaka nusu, akasimamisha mkono. Kisha akainua macho.

Rufat alikuwa anachungulia juu ya mgongo wa nyumbu, anapima kwa jicho la mkataji.

"Rusa," alisema, "mwambie amezidisha."